Kusikiliza Ndani ya Mti: Jinsi Mawimbi ya Sauti Yanavyoonyesha Hali ya Shina Lililo Hai

Mnunuzi makini wa chungu hatosheki kukitazama. Hukiinua kwa mkono mmoja, akakigonga kwa kidole cha mkono wa pili, kisha akatega sikio. Chungu kizima hulia kwa mvumo unaodumu kidogo; chungu chenye ufa, hata ule usioonekana kwa macho, hutoa sauti butu inayokufa papo hapo. Mnunuzi wa tikiti maji hufanya vivyo hivyo, na mpasua mbao hugonga shina kwa kisogo cha shoka kabla ya kuamua kama mti huo unastahili jasho lake. Wote watatu hutegemea kanuni moja: sauti ikipita ndani ya kitu, hutoka na habari za kitu hicho.

Kwa kanuni hiyo, daktari humwona mtoto aliye tumboni mwa mama yake pasipo kisu wala mionzi. Kwa kanuni hiyo pia, wataalamu wa miti hupiga picha ya ndani ya shina lililo hai ili kujua kama ni zima, limeoza au limebaki ganda tupu. Kipimo hicho huitwa tomografia ya sauti. Makala haya yanaeleza kinavyofanya kazi, kinachoweza na kisichoweza kuonyesha, na kwa nini yanayojiri ndani ya shina la mti yanawahusu mhudumu wa afya na mgonjwa.

Kutoka pipa la divai hadi kifua cha mgonjwa

Historia ya tiba na historia ya kugonga mbao zimeshikana kuliko wengi wanavyodhani. Leopold Auenbrugger, daktari aliyezaliwa mjini Graz, Austria, mwaka 1722, alikuwa mtoto wa mwenye nyumba ya wageni. Husimuliwa kwamba tangu utotoni alizoea kuona mapipa ya mbao yakigongwa ili kujua divai imefikia kimo gani. Mwaka 1761 alichapisha mjini Vienna kitabu kidogo cha Kilatini, akieleza kwamba hata kifua cha binadamu chaweza kugongwa: penye hewa hutoa mvumo, penye maji au nyama iliyoshikamana hutoa sauti butu. Wenzake wengi hawakumjali. Kitabu hicho kilipata heshima yake mwaka 1808, pale Jean-Nicolas Corvisart, daktari wa Napoleon, alipokitafsiri kwa Kifaransa.

Mwanafunzi wa Corvisart, René Laennec, alikwenda hatua moja mbele. Mwaka 1816, katika Hospitali ya Necker mjini Paris, alimpokea mwanamke kijana mwenye dalili za ugonjwa wa moyo, akaona si adabu kuweka sikio moja kwa moja kifuani mwake. Ndipo alipokumbuka jambo linalojulikana hata na watoto: mtu akikwaruza ncha moja ya boriti kwa pini, mwenzake aliyeweka sikio kwenye ncha ya pili husikia mkwaruzo huo waziwazi. Laennec aliviringisha karatasi, akaweka ncha moja kifuani na nyingine sikioni, na mapigo ya moyo yakasikika vizuri kuliko alivyowahi kuyasikia. Baadaye alichonga kifaa hicho kwa mbao. Stetoskopu ilizaliwa kutokana na mwenendo wa sauti ndani ya mti. Tomografia ya sauti inairudisha elimu hiyo ilikotoka.

Ugonjwa wa mti na namna mti unavyojikinga

Shina la mti halifanani na mkono wa binadamu. Mkono ukikatwa, seli mpya huziba pengo na kurudisha sehemu kubwa ya tishu. Mti hauna uwezo huo: mbao iliyojeruhiwa hubaki na jeraha lake maisha yote. Mtafiti wa Marekani Alex Shigo, aliyepasua maelfu ya miti kwa msumeno ili kuchunguza yaliyomo, alieleza mwaka 1977 kwamba mti huzungushia jeraha kuta za kemikali na za seli, kisha huendelea kukua kwa nje. Hauponyi jeraha, hulifungia ndani.

Mhudumu wa afya hatapata shida kulielewa jambo hilo. Mwili wa binadamu hufanya jambo linalokaribiana na hilo unapoyazingira mabakteria ya kifua kikuu ndani ya chembechembe zilizojipanga kama ukuta. Mara nyingi ukuta huo huwadhibiti kwa miaka mingi, na mwenye maambukizi haumwi. Mara nyingine ukuta hushindwa, na kilichofungiwa hutoka.

Katika mti, wanaofungiwa kwa kawaida ni kuvu. Huingia kupitia tawi lililokatwa vibaya, gome lililochunwa, mzizi uliokatwa na mtaro, au shina lililounguzwa na moto wa takataka. Wakiwa ndani hula ukuta wa seli za mbao. Kwa nje mti huendelea kuchanua, kuzaa na kutoa kivuli, kwa sababu maji na chakula hupita katika tabaka za nje za shina, nazo bado ni hai. Kijani cha majani si ushahidi wa uzima wa mbao.

Hapo ndipo hatari ilipo. Mwezi wa Februari 2017, mti mkongwe wa jamii ya tembusu, uliokadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 270, ulianguka katika Bustani ya Mimea ya Singapore. Mwanamke mmoja alifariki na watu wengine wanne walijeruhiwa. Mti huo ulikuwa katika ratiba ya kukaguliwa mara mbili kwa mwaka. Mwezi wa Agosti mwaka huohuo, mwaloni mkubwa uliwaangukia waumini waliokusanyika kwa sherehe ya kidini katika kisiwa cha Madeira nchini Ureno, ukaua watu 13.

Wasomaji wengi wa jarida hili hufanya kazi au husubiri huduma mahali ambapo mti mkubwa ndio ukumbi wa ndugu wa wagonjwa. Chini ya mwembe au mkungu hukaa akina mama wenye watoto, wazee waliokuja kliniki ya shinikizo la damu, na walioleta chakula cha waliolazwa. Kuukata mti huo ovyo ni kuwanyima watu hao kivuli. Kuuacha bila kuuchunguza ni kuwaweka chini ya kitu kisichojulikana.

Kipimo hufanywaje?

Vifaa vya kupimia mti kwa namna hii vilianza kusambaa barani Ulaya, hasa kutoka Ujerumani na Hungaria, mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hatua zake ni rahisi kueleza.

Kwanza, mtaalamu huzunguka mti na kuutazama kwa makini, kisha huchagua kimo cha kupima. Pili, hupigilia vijipini vyembamba kuzunguka shina katika kimo hicho. Vijipini hupenya gome na kugusa mbao tu, kwa kuwa gome hufifisha sauti. Juu ya kila kijipini hufungwa kihisio, yaani kifaa kinachotambua mtikisiko. Tatu, umbali kati ya kihisio kimoja na kingine hupimwa kwa uangalifu, kwa sababu shina halisi si duara kamili. Nne, mtaalamu hugonga kijipini cha kwanza kwa nyundo ndogo. Sauti huingia ndani ya mbao na kuvifikia vihisio vingine vyote, na kompyuta hurekodi muda iliotumia kufika kwa kila kimoja. Kisha hugonga cha pili, cha tatu, hadi mzunguko ukamilike.

Vihisio vikiwa 12, zipo njia 66 za moja kwa moja zinazoliunganisha shina kutoka upande hadi upande. Kompyuta hugawanya urefu wa kila njia kwa muda uliotumika, ikapata kasi. Njia nyingi zinapokatizana mahali ambapo kasi ni ndogo, mahali hapo hupakwa rangi tofauti. Matokeo yake ni picha ya mviringo, kana kwamba shina limekatwa kwa msumeno na kutazamwa kutoka juu, ilhali mti umesimama vilevile ulivyokuwa.

Hesabu inayowezesha kuunda picha ya ndani kutokana na vipimo vya pembeni ina undugu na ile ya kipimo cha CT. Mwanahisabati wa Austria Johann Radon aliweka msingi wake mwaka 1917, bila kufikiria hospitali. Godfrey Hounsfield aliitengenezea mashine nchini Uingereza, na mgonjwa wa kwanza alipimwa ubongo mjini London mwaka 1971. Yeye na Allan Cormack, mwanafizikia mzaliwa wa Afrika Kusini, walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 1979. Katika CT kinachopimwa ni kiasi cha eksirei kilichomezwa na mwili. Katika mti ni muda wa safari ya sauti.

Sauti inapokutana na uozo

Kasi ya sauti ndani ya kitu kigumu hutegemea mambo mawili: ukakamavu wa kitu hicho, na uzito wake kwa ujazo. Ukakamavu huiongezea kasi, uzito huipunguzia. Kuvu wanapokula ukuta wa seli, ukakamavu wa mbao hupungua haraka kuliko uzito wake, hivyo sauti hupita polepole zaidi. Hewani sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Ikikata shina zima kutoka upande hadi upande, katika miti mingi hupita mita 1,000 kwa sekunde au zaidi. Ikifuata nyuzi za mbao kutoka chini kwenda juu, huenda kasi mara kadhaa kuliko hapo. Ndiyo maana vihisio vyote huwekwa katika kimo kimoja.

Mfano wa hesabu utasaidia. Shina lina kipenyo cha sentimita 100, na sauti hupita katika mbao yake nzima kwa mita 1,250 kwa sekunde. Kuvuka kutoka upande hadi upande huchukua sehemu 800 za milioni moja ya sekunde. Sasa shina hilohilo liwe na tundu la mviringo katikati, lenye kipenyo cha sentimita 60. Sauti ya kwanza kufika haitapita katika hewa ya tundu. Itazunguka ndani ya ukuta wa mbao uliobaki. Njia fupi kuliko zote ni karibu sentimita 119, na muda wake ni karibu sehemu 950 za milioni. Kompyuta, ikidhani kwamba sauti ilinyooka, itapata kasi ya takriban mita 1,050 kwa sekunde.

Mfano huo unafunza mambo mawili. La kwanza, tundu kubwa kiasi hicho limebadili muda kwa chini ya asilimia 20 tu, hivyo umbali wa vihisio ukipimwa kwa uzembe, kosa la mpimaji laweza kuumeza ugonjwa au kuuzusha pale usipokuwepo. La pili, kifaa hakikuliona tundu. Kiliona kuchelewa, kikalikisia tundu kutokana na kuchelewa huko. Picha ni fasiri ya vipimo, si dirisha.

Mti na ultrasaundi ya hospitali: yanayofanana na yasiyofanana

Ultrasaundi ya hospitali hutumia sauti isiyosikika kwa sikio, yenye mitetemo kati ya milioni 2 na milioni 15 kwa sekunde. Kichwa cha kifaa hutuma mpigo mfupi wa sauti na kusubiri mwangwi. Kila mahali tishu moja inapopakana na nyingine, sehemu ya sauti hurudi. Mashine hudhani kwamba sauti hupita katika tishu laini kwa mita 1,540 kwa sekunde. Kwa kujua muda wa kurudi, hujua kina cha kilichoirudisha.

Sauti kali namna hiyo haiwezi kuvuka shina nene, kwani mbao huimeza mapema. Kwa hiyo mti hugongwa kwa sauti nzito, yenye mitetemo elfu kadhaa tu kwa sekunde, ambayo hufika mbali. Mavuno ya umbali hulipiwa kwa undani wa picha. Wimbi la ultrasaundi lenye mitetemo milioni 3.5 kwa sekunde lina urefu wa chini ya nusu milimita mwilini, na ndiyo maana kijiwe kidogo cha nyongo huonekana. Wimbi la mitetemo 5,000 kwa sekunde ndani ya shina lina urefu wa takriban sentimita 25. Picha ya mti ni ya maeneo makubwa. Haitaonyesha kasoro ndogo yenye ukubwa wa ndimu.

Kwa tabia, kipimo kilicho karibu zaidi na hiki ni elastografia ya ini. Katika aina moja ya elastografia, kifaa huwekwa kati ya mbavu, hugonga ngozi kwa mtikisiko mwepesi, kisha hupima kasi ya mtikisiko huo unapopita ndani ya ini. Ini laini lenye afya hupitisha wimbi hilo kwa mita moja na kidogo kwa sekunde. Ini lililosinyaa kwa makovu, kutokana na homa ya ini aina ya B au pombe kwa mfano, hulipitisha kwa mita 2 kwa sekunde au zaidi. Kanuni ni moja na ile ya mti, lakini maana imegeuka: katika mti kasi kubwa ni dalili ya uzima, katika ini ni dalili ya ugonjwa. Namba peke yake haisemi kitu mpaka ijulikane imetoka kwa nani.

Hata kati ya mti na mti hakuna kipimo kimoja cha wote. Mvule una mbao ngumu. Mbuyu una mbao laini iliyojaa maji, na pango ndani ya mbuyu mkongwe si jambo la ajabu. Kuupima mbuyu kwa kigezo cha mvule ni sawa na kumpima mtoto mchanga mapigo ya moyo kwa kigezo cha mtu mzima, kisha kutangaza kwamba ni mgonjwa.

Rangi ya picha si jina la ugonjwa

Mtu asiyezoea picha hizi hutishwa na rangi. Kwa kawaida mbao inayopitisha sauti haraka huonyeshwa kwa rangi ya kahawia iliyokolea, na inayoichelewesha kwa zambarau au buluu. Lakini rangi hizo husimamia kasi, si ugonjwa.

Ufa ni mfano mzuri. Ufa mwembamba unaofuata duara la pete za ukuaji hukata njia ya sauti kama tundu kubwa linavyofanya. Picha huonyesha doa pana, ilhali mbao pande zote mbili za ufa ni nzima. Hospitalini hewa huleta shida ya namna hiyo: gesi ya utumbo hurudisha karibu sauti yote, na kilicho nyuma yake hakionekani. Hiyo ndiyo sababu jeli hupakwa ngozini, ili hewa isibaki kati ya ngozi na kifaa.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi. Baadhi ya kuvu, hasa mwanzoni mwa uozo, huifanya mbao kuwa dhaifu na yenye kuvunjika upesi kabla kasi ya sauti haijabadilika sana. Picha hutoka safi, na mti si salama. Zaidi ya hayo, picha ya shina katika kimo cha kifua haisemi lolote kuhusu mizizi, na miti mingi huangukia mizizi.

Kwa sababu hizo mtaalamu mwangalifu hakitegemei kipimo kimoja. Anaweza kuongeza kipimo cha umeme: mbao yenye maji hupitisha umeme kwa urahisi, tundu kavu haliupitishi, na hivyo hutambulika kama doa ni uozo wenye unyevu au ni uwazi. Anaweza pia kutumia mashine yenye sindano nyembamba ya kutobolea, inayorekodi ukinzani wa mbao kadiri inavyoingia. Sindano hiyo ndiyo biopsi ya mti: huthibitisha, lakini huacha jeraha na hupima njia moja tu. Hutumika pale picha ilipoonyesha pa kuchoma.

Tundu si hukumu ya kifo

Swali linalofuata picha ni zito kuliko picha yenyewe: je, mti utasimama? Jibu huwashangaza wengi. Shina la mfano wa hapo juu, lenye tundu la sentimita 60 katika kipenyo cha sentimita 100, limepoteza asilimia 36 ya eneo la mbao yake. Lakini kwa hesabu ya uhandisi, uwezo wake wa kustahimili kupindwa na upepo umepungua kwa takriban asilimia 13 tu, mradi tundu liwe katikati na ukuta uwe mzima pande zote. Mbao ya nje ndiyo inayobeba mzigo. Ya katikati huchangia kidogo.

Mhudumu wa afya ameuona ushahidi wake katika kila picha ya eksirei ya paja. Mfupa wa paja ni mwanzi: ukuta mgumu nje, uboho ndani. Haukuumbwa hivyo kwa upungufu. Umbo hilo huupa nguvu bila kuupa uzito wa bure.

Mtaalamu wa Ujerumani Claus Mattheck, baada ya kulinganisha miti iliyosimama na iliyovunjika, alipendekeza kipimo cha tahadhari: ukuta uliobaki ukiwa chini ya takriban asilimia 30 ya nusu kipenyo cha shina, hatari ya kuvunjika huongezeka. Katika mfano huu ukuta ni sentimita 20 kati ya 50, yaani asilimia 40. Kipimo hicho kimepingwa na wengine, na hakifai kutumiwa kama amri. Mti mfupi wenye matawi machache hustahimili ukuta mwembamba zaidi. Mti mrefu wenye tundu lililofunguka ubavuni unaweza kuvunjika mapema.

Aidha, hatari haiko kwenye mti peke yake. Mti wenye pango porini ni nyumba ya nyuki na bundi. Mti huohuo juu ya benchi la wagonjwa ni jambo jingine. Mara nyingine tiba sahihi si kukata mti bali kuhamisha benchi, au kupunguza matawi mazito ili upepo usipate pa kushika.

Kwa wasimamizi wa viwanja vya hospitali na vituo vya afya

Kifaa cha tomografia hakipatikani kila mahali. Lakini kama ilivyo kwa mgonjwa, kuchunguza kwa macho na mikono huja kabla ya mashine. Dalili zifuatazo zinastahili taarifa kwa ofisa misitu au ofisa mazingira wa halmashauri:

- uyoga au kuvu wagumu kama rafu waliojitokeza kwenye shina au kwenye mizizi;
- udongo uliopasuka au kuinuka upande mmoja wa mti, hasa mti ukiwa umeanza kuinama karibuni;
- ufa mrefu kwenye shina au kwenye panda ya matawi makubwa;
- shina linalotoa sauti ya uwazi likigongwa kwa nyundo ya mbao, tofauti na sehemu nyingine za shina hilohilo;
- mizizi iliyokatwa kwa ajili ya mtaro, bomba au msingi wa jengo;
- matawi makubwa yaliyokauka juu ya njia au mahali pa kukaa.

Mpaka mti utakapochunguzwa, watu wasikae chini yake wakati wa upepo mkali na mvua kubwa. Kinga nayo ni rahisi: takataka zisichomwe kwenye shina, mabango yasigongomelewe kwa misumari mikubwa, na saruji isimwagwe hadi kwenye gome.

Funzo kwa anayepima na anayepimwa

Mgonjwa anayetoka chumba cha ultrasaundi akiwa na karatasi iliyoandikwa kwamba hakuna kasoro iliyoonekana hurudi nyumbani akiamini kwamba mwili wake wote ni mzima. Karatasi haikusema hivyo. Imesema kwamba katika viungo vilivyotazamwa, kwa njia hiyo, siku hiyo, hakuna kilichoonekana. Maumivu yakiendelea, ana haki ya kurudi, na si ubishi kurudi. Vivyo hivyo, aliyeambiwa kwamba kuna kivimbe kidogo hajaambiwa kwamba ana saratani. Kama doa la zambarau kwenye picha ya mti, hilo ni swali linalosubiri kipimo cha pili.

Masharti ya kabla ya kipimo nayo yana sababu. Anayeambiwa anywe maji na kujaza kibofu husaidia kusogeza utumbo wenye gesi na kuipa sauti njia ya kupita. Anayeambiwa asile kabla ya kupimwa mfuko wa nyongo husaidia mfuko huo kubaki umejaa ili uonekane. Asiyeelezwa sababu huona masharti hayo kuwa usumbufu na kuyavunja kimyakimya, na picha mbovu huleta jibu bovu.

Kwa mhudumu wa afya, wajibu uko sehemu mbili. Anayeomba kipimo aandike swali lake kwa ukamilifu: umri, dalili, muda wake, na anachoshuku. Fomu iliyoandikwa „tumbo” na kuishia hapo ni sawa na kumwonyesha mpimaji msitu bila kumwambia mti. Anayetoa majibu naye amweleze mgonjwa, kwa lugha anayoielewa, kile kilichoonekana na kile ambacho kipimo hicho hakiwezi kuonyesha.

Mti uliokatwa hausimami tena hata ikigundulika kwamba ulikuwa mzima, na mti ulioachwa kwa kuiamini picha moja hausubiri kabla ya kuanguka. Kabla ya kuutolea uamuzi mti, ini au kivimbe, anayeshika picha mkononi ajiulize maswali matatu: kimepimwa nini hasa, hakikupimwa nini, na kipimo gani kingine kinaweza kuthibitisha? Mgonjwa naye anaruhusiwa kuyauliza hayo matatu, na anastahili kujibiwa.